Polisi Wakichukua Simu ya Mtoto Wako: Hatua Nane za Kuirudisha kwa Njia ya Sheria

Wazazi wanaonijia na swali hili karibu wote wamekwama pale pale. Wamekwenda kituoni mara tatu, wameambiwa "rudi kesho, afande anayehusika hayuko zamu," na mkononi hawana hata karatasi moja inayoonyesha kwamba simu iliwahi kuchukuliwa. Mabishano ya barabarani hayarudishi simu. Kinachoirudisha ni maandishi.

Mwongozo huu ni wa Kenya, na mtoto hapa ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Nitasema "simu" kwa kuwa ndiyo inayochukuliwa zaidi, lakini hatua ni zile zile kwa laptopu, begi, baiskeli au pesa. Mimi si wakili. Ni msaidizi wa sheria wa kujitolea hapa Mombasa, na kazi yangu kubwa ni kusimama na wazazi mbele ya kaunta za vituo vya polisi.

Andaa vitu hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Bila hicho, kijana wa miaka 16 mwenye mabega mapana ataandikwa kuwa mtu mzima.
- Kitambulisho chako na nakala yake.
- Risiti ya simu au boksi lake. Boksi lina nambari ya IMEI, tarakimu 15 ambazo hakuna simu nyingine inazo.
- Daftari na kalamu. Usitegemee kuandika kwenye simu yako. Huenda ukaambiwa uizime ukiwa ndani.
- Majina na nambari za simu za waliokuwepo wakati simu inachukuliwa.

Boksi limetupwa? Jaribu kuingia kwenye akaunti ya mtoto kutoka simu nyingine. Kwa simu za Android, huduma ya Google ya kutafuta simu iliyopotea huonyesha IMEI. Na kama unasoma haya kabla hujapatwa na shida, bonyeza *#06# sasa hivi kwenye kila simu ya nyumba yako, uandike nambari hizo kwenye karatasi.

Onyo: ukiwa ndani ya akaunti hiyo, usifute chochote wala usiifute simu kutoka mbali. Chini ya Sheria ya Adhabu, kuharibu kwa makusudi kitu unachojua huenda kikahitajika kama ushahidi ili kisitumike ni kosa. Nimemwona mama aliyefuta picha za mwanawe ili kumwokoa aibu, naye akageuka kuwa mshukiwa.

## Hatua ya 1: Tambua simu ilichukuliwa kupitia mlango gani

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo kutopekuliwa, mali yake kutochukuliwa na mawasiliano yake kutoingiliwa. Kinasema "kila mtu", nacho hakikuweka umri. Ili polisi wapite juu ya haki hiyo wanahitaji mlango wa kisheria, na kwa kawaida huwa ni mmoja kati ya hii minne.

Mtoto amekamatwa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75, kinamruhusu afisa kumpekua aliyekamatwa na kuweka mahali salama vitu alivyokuwa navyo, isipokuwa nguo anazohitaji kuvaa. Maneno "mahali salama" yana uzito: mfuko wa suruali ya afande si mahali salama. Ikiwa ni msichana, lazima apekuliwe na mwanamke, kwa kuzingatia heshima yake.

Inashukiwa kuwa mali ya wizi. Kifungu cha 26 kinaruhusu kumsimamisha na kumpekua mtu anayeshukiwa, kwa sababu ya maana, kuwa na kitu kilichoibwa au kupatikana kwa njia haramu. Kuwa kijana mwenye simu ya bei si sababu ya maana. Wala simu iliyokuwa ikirekodi video ya afande si simu ya wizi. Ukiwa na risiti na boksi, mlango huu hufungika siku hiyo hiyo.

Kuna kibali cha mahakama. Hakimu hukitoa chini ya kifungu cha 118 baada ya kuelezwa sababu kwa kiapo. Hutekelezwa kati ya macheo na machweo, ila mahakama ikiruhusu vinginevyo.

Hakuna kibali, lakini kuna dharura. Hapa ndipo penye vurugu nyingi. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinamruhusu afisa kuingia mahali na kuchukua kitu bila kibali iwapo kusubiri kibali kungeudhuru uchunguzi kwa kiasi kikubwa. Lakini kinamfunga kwa masharti: aandike kwanza sababu zake na maelezo ya kitu anachotafuta, aonyeshe cheti chake cha kazi akiombwa, aandike mara moja alichochukua, kisha kitu hicho kifikishwe kwa hakimu bila kucheleweshwa. Masharti haya ndiyo utakayoyaulizia kwenye barua, Hatua ya 5.

Na ridhaa je? Utaambiwa, "Mtoto mwenyewe alitupa." Mtoto wa miaka 14 aliyezungukwa na maafisa watatu, mmoja wao ana bunduki, hakutoa ridhaa, alitii tu. Ukiisikia kauli hiyo iandike neno kwa neno, kwa sababu ni kukiri kwamba hapakuwa na kibali. Ila jihadhari na ridhaa yako wewe mzazi. Ukisimama mlangoni ukasema "pekueni tu, hatuna cha kuficha," umewafungulia mlango wa tano, na wakili wako hataweza kuufunga tena.

Mwalimu akinyang'anya simu darasani, hilo ni suala la kanuni za shule. Linakuwa la polisi pale tu anapowakabidhi, na hapo maswali ni haya haya.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: "Walichukua wakidai kwamba..."

## Hatua ya 2: Mfundishe mtoto maneno mawili matatu

Hatua hii hufanywa kabla ya tukio, mezani, siku ya kawaida. Mtoto aliyeshtuka hakumbuki hotuba ndefu. Mpe hii:

"Afande, naomba mzazi wangu apigiwe. Sikubali simu yangu ifunguliwe kabla hajafika."

Basi. Aseme kwa adabu, mikono ionekane, asivutane na mtu. Kumzuia afisa kazini ni kosa, na mvutano wa sekunde kumi unaweza kumpa polisi kesi ambayo hakuwa nayo. Simu ikichukuliwa, aiachie. Anachotakiwa kukamata ni jina au nambari iliyo kifuani mwa afisa, kwa sababu sheria inamtaka afisa aliyevaa sare awe na kibandiko cha jina au nambari ya kazi mahali panapoonekana. Akishindwa kukisoma, nambari ya gari inatosha.

## Hatua ya 3: Kituoni, mtoto kwanza, simu baadaye

Ikiwa mtoto mwenyewe amezuiliwa, usianze na simu. Niliwahi kumsikia baba akipaza sauti juu ya simu ya elfu thelathini huku mwanawe ameketi sakafuni nyuma ya kaunta pamoja na walevi wa usiku. Afande alimtazama tu.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa muda huo umeisha nje ya saa za kazi. Muulize afisa wa zamu kama kituo kina kitengo cha kuwalinda watoto, na uombe afisa wa watoto wa kaunti ndogo ajulishwe. Mtoto asihojiwe bila wewe au wakili. Dhamana ya polisi isiyo ya pesa ni bure. Ukitoa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti.

Umri nao unabadilisha kila kitu. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa kosa la jinai, na wa kati ya 12 na 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya hadi ithibitishwe vinginevyo. Toa cheti cha kuzaliwa sasa, si kesho.

Kisha ndipo OB, Kitabu cha Matukio. Sema hivi: "Naomba iandikwe kwenye OB kwamba simu ya mtoto wangu imechukuliwa, na nipewe nambari." Nambari hiyo huandikwa kwa mpangilio wa tukio, siku, mwezi na mwaka. Inakaa hivi: 23/14/6/2025. Kuandikisha ni bure.

Maelezo yanayoandikwa yasiwe "simu moja nyeusi". Nitakuambia kwa nini. Katika kituo kimoja huku Pwani nilifunguliwa droo yenye simu nyeusi nne zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja. Mbili zilikuwa na vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwa selotepu, wino umefifia, jina halisomeki. Mbili hazikuwa na kitu. Kijana akanyoosha kidole kwenye moja. Afande akamuuliza, "Una uhakika gani?" Akanyamaza, maana zote zilikuwa zimeisha chaji. Tulichokuwa nacho ni boksi. Tukachaji, tukabonyeza *#06# moja baada ya nyingine, na yake ikawa ile ya tatu, siyo aliyoinyooshea kidole.

Kwa hiyo iandikwe: aina na toleo, rangi, IMEI, ufa wa kioo na uko pembe gani, laini iliyomo, kadi ya kumbukumbu, kava, na kama ilikuwa imewashwa.

Onyo: ukiambiwa kuna "kitu kidogo" cha kurahisisha mambo, usikitoe. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Halafu, niseme ukweli, simu iliyotolewa kwa chai haina maandishi ya kutolewa, na kesho inaweza kuchukuliwa tena.

Umefaulu ikiwa unaondoka na vitu vitatu daftarini: nambari ya OB, jina la mpelelezi wa kesi, na kosa linalochunguzwa.

## Hatua ya 4: Linda kilichomo ndani

Kuishika simu ni jambo moja. Kuisoma ni jambo jingine. Wengi hawajui tofauti hii, na baadhi ya maafisa nao hawaijui, au hawataki kuijua. Kifungu cha 25 cha Sura ya 75 kinazungumzia kuhifadhi kitu. Kufungua WhatsApp ya mtoto na kusoma jumbe zake kunagusa faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 48, imeweka njia: polisi waende mahakamani waombe kibali cha kupekua data.

Mtoto akiombwa nambari ya siri bila kibali, anaweza kukataa kwa upole. Aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza, na halazimishwi kukiri jambo linaloweza kutumiwa dhidi yake. Usiitaje wewe kwa niaba yake eti ili mambo yaishe haraka.

Kibali kikiletwa, hali inabadilika. Kumzuia afisa mwenye kibali ni kosa, kwa hiyo kisome kwanza: muhuri wa mahakama, sahihi ya hakimu, tarehe, kitu kinachotafutwa. Kibali cha kupekua nyumba kutafuta bangi hakisemi lolote kuhusu picha zilizo kwenye simu. Ukiona shaka, mpigie wakili kabla ya kukubali au kukataa. Baada ya upekuzi, kifungu cha 49 cha Sheria hiyo ya Kompyuta ya 2018 kinataka iandikwe orodha ya vilivyochukuliwa, yenye tarehe na saa, na nakala apewe mwenye mahali au mwenye kifaa. Idai.

Je, simu ikisomwa bila kibali, kesi inaanguka? Si lazima. Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinasema ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utatupwa iwapo kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki. Hakimu ndiye anayepima. Ndiyo maana unaandika saa na jina la aliyeifungua.

Kuna watoto ambao simu zao huchukuliwa wakiwa wao ndio waliodhulumiwa: msichana aliyetumiwa jumbe chafu na mtu mzima, kwa mfano. Hapa usipinge simu kuchunguzwa. Jumbe hizo ndizo zitakazomtia hatiani mkosaji. Omba tu mambo mawili kwa maandishi: data inakiliwe mapema na simu irudishwe, na picha za mtoto zisipitishwe kwenye simu binafsi ya afisa yeyote.

## Hatua ya 5: Andika barua kwa mkuu wa kituo

Wengi huruka hatua hii kwa kudhani lazima iwe ya Kiingereza au ya wakili. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya. Nakili hii:

> Kwa Mkuu wa Kituo,
> Kituo cha Polisi cha ________
>
> KUH: SIMU YA MTOTO ________, OB NAMBARI ________
>
> Mimi ni mzazi wa mtoto aliyetajwa, mwenye umri wa miaka ___. Tarehe ______ saa ______, mahali paitwapo ________, afisa mwenye jina/nambari ________ alichukua simu yake aina ya ________, IMEI ________.
>
> Naomba unijulishe kwa maandishi: kosa linalochunguzwa na kifungu cha sheria kilichotumika kuichukua, kama kuna kibali cha mahakama, pamoja na nakala yake, orodha ya vitu vilivyochukuliwa, na kama simu imefikishwa mbele ya hakimu, na lini.
>
> Ikiwa haihitajiki kama ushahidi, naomba irudishwe. Ikiwa inahitajika, naomba data inayohusika inakiliwe na simu irudishwe.
>
> Naomba jibu ndani ya siku saba.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe na sahihi. Wakikataa kugonga, andika nyuma ya nakala yako jina la aliyekataa na saa, kisha itume kwa posta ya rejesta. Siku saba ni zangu, hazimo sheriani. Nimeona zinatosha kumpa mkuu wa kituo nafasi bila kumpa usingizi.

Umefaulu ikiwa una nakala yenye muhuri. Simu nyingi nilizozifuatilia zilirudi hapa, kabla ya mahakama.

## Hatua ya 6: Nenda mahakamani

Ikiwa kesi imeshafunguliwa, ombi liende mbele ya mahakama inayoisikiliza. Chini ya kifungu cha 121 cha Sura ya 75, kitu kilichofikishwa mahakamani huweza kushikiliwa hadi kesi au uchunguzi uishe, kikitunzwa vizuri. Lakini mahakama inaweza kuombwa ikubali picha na data zilizonakiliwa badala ya simu yenyewe. Mtoto ana shule, na simu ina masomo yake, sema hivyo.

Ikiwa hakuna kesi, hakuna kibali na hakuna jibu, Kifungu cha 22 cha Katiba kinakuruhusu kwenda Mahakama Kuu kwa niaba ya mtoto kulalamikia ukiukaji wa haki zake. Kifungu hicho kinasema kusiwe na ada ya kufungua mashauri ya aina hii, na kwamba mahakama inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi inapobidi. Nakala yako yenye muhuri ndiyo uti wa mgongo wa ombi lako. Shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo cha Sheria, na FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, husaidia wasioweza kumlipa wakili.

## Hatua ya 7: Lalamika penye kosa la afisa

IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, inapatikana kwa nambari ya bure 1559. Itumie mtoto alipopigwa, simu ilipopotea mikononi mwa polisi, pesa zilipodaiwa, au data ilipofutwa. Usitarajie IPOA ikuletee simu. Kazi yake ni kumchunguza afisa. Mtoto mwenyewe akiogopa kukueleza yaliyompata, kuna 116, nambari ya bure ya watoto.

## Hatua ya 8: Siku ya kuichukua

Utapewa kitabu utie sahihi. Usitie bado. Omba simu iwashwe. Nenda na chaja. Bonyeza *#06#, linganisha na boksi. Toa laini na kadi ya kumbukumbu, hakikisha ni zile zile. Tazama kioo, kisha fungua picha na jumbe uone kama kuna zilizofutwa. Kasoro yoyote iandikwe juu ya sahihi yako, na kurudishwa kwenyewe kuandikwe kwenye OB kwa nambari mpya.

Mkifika nje, mtoto abadilishe nambari za siri zote, kisha afungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp. Akikuta kompyuta asiyoijua, apige picha ya skrini yenye saa kabla ya kuiondoa, na nyinyi mrudi Hatua ya 7.